Laki nane kwenye barua, laki tano na arobaini mkononi: hesabu ya mshahara wa kwanza mjini

Barua ya ajira inasema 800,000. Umeisoma mara nne, umeipiga picha, umemtumia dada yako. Kichwani umeshapanga kila kitu: chumba, kitanda, simu mpya, na kitu kidogo cha kumtumia mama kila mwezi. Halafu mwisho wa mwezi meseji ya benki inaingia, na inayosomeka ni 540,000. Unadhani mhasibu amekosea. Hajakosea.

Nitaifungua hesabu hiyo kwa mfano wa kijana anayeanza kazi Dar es Salaam kwenye kampuni binafsi, amesoma kwa mkopo wa serikali, hana mtoto, na anaishi kwenye chumba cha kupanga. Bei za kodi ya chumba na chakula ninazotumia ni za mfano; ukiwa Dodoma au Mwanza weka zako. Za makato ni za kisheria, hazijali uko wapi.

Nianze kwa kupinga jambo moja. Wazee wetu, na siku hizi washauri wa fedha wa mtandaoni, hupenda kutuambia kwamba hela inaishia kwenye chipsi mayai na bando. Chipsi zina mchango wake, sikatai. Ila ukiandika kila shilingi kwa miezi mitatu utagundua kinachokuangusha ni kalenda. Mshahara huja mara moja kwa mwezi, tarehe inayojulikana. Matumizi hayana adabu hiyo: mengine ni ya kila siku, mengine ya kila miezi sita, na mengine huja kwa simu ya saa nne usiku.

Kabla hela haijakufikia

Anayekata kwanza ni mfuko wa hifadhi ya jamii. Sekta binafsi ni NSSF: mchango wote ni asilimia 20 ya mshahara, na kawaida mwajiri hutoa nusu, wewe nusu. Kwa 800,000 unatoa 80,000. Serikalini ni PSSSF, na huko mtumishi hukatwa asilimia 5 tu, mwajiri akitoa 15. Ndiyo maana watu wawili wenye mshahara uleule kwenye karatasi, mmoja wa halmashauri na mmoja wa kampuni, hawapokei sawa.

Kisha inakuja kodi ya mapato, PAYE. Hapa kuna jambo wengi hawalijui: inakokotolewa baada ya kutoa mchango wa NSSF. Kwa hiyo kwako TRA, mamlaka ya mapato, wanaangalia 720,000. Shilingi 270,000 za kwanza hazitozwi kitu. Kuanzia hapo hadi 520,000 ni asilimia 8, yaani 20,000. Zinazozidi 520,000 hadi 760,000 ni asilimia 20; wewe una 200,000 kwenye ngazi hiyo, kwa hiyo 40,000. Jumla 60,000.

Wa tatu ni Bodi ya Mikopo, inayodai mkopo uliosomea, na huyu ndiye anayewaumiza wengi. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2016, makato yalipanda kutoka asilimia 8 hadi 15 ya mshahara wa msingi. Kama laki nane yako yote ni mshahara wa msingi, hiyo ni 120,000, mara mbili ya kodi ya mapato. Na rejesho hilo, tofauti na NSSF, halipunguzi kodi yako hata senti. Kodi inatozwa kana kwamba hela hiyo umeila wewe.

Toa 80,000, toa 60,000, toa 120,000. Inabaki 540,000. Meseji ya benki iko sahihi.

Ukishaielewa ngazi hii utaelewa pia kwa nini nyongeza ya kwanza haionekani. Bosi akikuongeza laki moja, ukafika 900,000, NSSF inakuwa 90,000, PAYE 80,500, Bodi 135,000. Unapokea 594,500. Laki moja imekufikia ikiwa 54,500. Kuna watu wanaogopa nyongeza wakiamini kwamba ukivuka ngazi ya kodi utapokea pungufu ya jana. Hilo halipo, kiwango kikubwa kinatozwa kwenye kile kilichozidi tu. Lakini usiikopee nyongeza kabla hujaiona, kwa sababu nusu yake karibu ina wenyewe.

Mwezi sifuri

Kuna mwezi ambao hauko kwenye bajeti yoyote niliyowahi kusoma. Ni ule unaoanza kazi tarehe 3 na kulipwa tarehe 28, au, kama orodha ya mishahara imeshafungwa, kulipwa mwezi unaofuata. Wiki hizo zote unapanda daladala, unakula mchana, na unavaa shati lililopigwa pasi. Kwa hela ya nani?

Mimi niliuvuka kwa hela ya kaka na daftari la Mangi wa mtaani, ambaye alinikopesha mchele na mafuta kwa kuangalia kitambulisho cha kazi kinachoning'inia shingoni. Mshahara wangu wa kwanza sikuula. Niliula wiki tano kabla haujatoka. Nilipomaliza kulipa nilibaki na nauli, nikarudi kwa Mangi tarehe 9. Madeni mengi ya vijana makazini, ukiyafuata hadi chanzo, yanaanzia hapo. Mwezi wa pili unalipa ya wa kwanza, wa tatu unalipa ya wa pili, na mtu anahisi ana tatizo la nidhamu wakati ana tatizo la mwezi mmoja ambao haukuwa na mlipaji.

Kama bado uko nyumbani kwa shangazi, kaa miezi mitatu zaidi hata kama umechoka kulala sebuleni. Najua si kila shangazi anakubali, na si kila shangazi anavumilika.

Nyumba na nauli ni gharama moja

Chumba cha kupanga mjini kina bei ya mwezi, lakini hakilipwi kwa mwezi. Mwenye nyumba anataka miezi sita, wengine mwaka. Dalali anataka ya mwezi mmoja. Chumba cha 100,000 kwa hiyo kinataka 700,000 mkononi kabla hujaingiza ndoo. Hiyo ni zaidi ya mshahara wote unaokufikia mkononi kwa mwezi, na bado hujanunua godoro.

Ukigawa 700,000 hiyo kwa miezi sita, kodi yako halisi ni karibu 117,000. Ukikaa mwaka bila kuhama, dalali unamlipa mara moja tu na kodi halisi inashuka hadi kama 108,000. Kuhamahama kuna bei hata pale chumba kipya kinapokuwa cha bei ileile.

Sasa nauli. Daladala ya njia fupi kabisa, isiyozidi kilomita 10, ilipandishwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, kutoka 500 hadi 600 mwezi Desemba 2023. Tuseme unapanda magari mawili, la 600 na la 700: kwenda na kurudi ni 2,600, na kwa siku 22 za kazi ni 57,200. Hiyo watu wanaihesabu. Wasiyoihesabu ni bodaboda ya kutoka barabara kuu hadi nyumbani, buku asubuhi na buku jioni, kwa sababu buku ni buku. Mara 22 ni 44,000. Pikipiki ya dakika tano inakula hela inayofika robo tatu ya nauli yote ya daladala.

Kwa hiyo chumba cha 130,000 ambacho unatoka kituoni kwa miguu ni rahisi kuliko cha 100,000 kinachohitaji boda kila siku. Na kinyume chake pia kipo: ukikimbilia mbali zaidi kupata chumba cha 60,000, umeokoa 40,000 za kodi, lakini daladala moja zaidi ya 600 kila upande ni 26,400 kwa mwezi. Umebakiwa na 13,600, na umelipa tofauti kwa saa za usingizi. Siku moja ya mvua barabara ikijaa maji na ukapanda boda hadi kazini, imeisha. Unapotafuta chumba, usimwulize dalali kodi peke yake. Jumlisha kodi na nauli na boda, kisha linganisha jumla kwa jumla.

Swali lingine la kumwuliza, ambalo hatalipenda: mita ya umeme ni ya nani? TANESCO wana daraja la matumizi madogo, D1, kwa mteja asiyezidi wastani wa uniti 75 kwa mwezi. Uniti moja huko ni shilingi 100, na ukijumlisha VAT na tozo inafika kama 122. Daraja la kawaida, T1, ni 292, yaani kama 356 ukishajumlisha yote. Nyumba yenye wapangaji sita na mita moja haiwezi kubaki chini ya uniti 75, kwa hiyo wote sita, hata yule mwenye taa moja na chaja ya simu, wananunua umeme kwa karibu mara tatu ya bei ya mwenye mita yake. Juu ya hapo, kodi ya jengo hukatwa kupitia LUKU, yaani unaponunua umeme: 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida ilipoanza mwaka 2021, na 1,500 tangu Julai 2023. Kodi ni ya mwenye nyumba. Mita unaijaza wewe. Elfu kumi ya kwanza ya mwezi, ikishakatwa hiyo 1,500, inaleta uniti kama 24. Kwenye mita ya D1 ingeleta karibu 70.

Ndivyo umaskini wa mwanzo unavyofanya kazi sehemu nyingi, si kwenye umeme tu. Asiye na hela ya jumla hununua rejareja, na rejareja ina adhabu. Bando la buku la siku moja, mara 30, ni 30,000, wakati mwenzio kanunua la mwezi na kubakiwa na chenji. Mkaa wa kopo, sukari ya robo, mafuta ya kupima: mwenye nacho kidogo ndiye analipa zaidi kwa kila kilo.

Inabaki shilingi ngapi?

Tupange. Kodi halisi 117,000. Nauli na boda 101,200. Chakula cha mchana kwa mama lishe, sahani ya 3,000 kwa siku 22, 66,000. Chai na chakula cha nyumbani, 4,000 kwa siku, 120,000. Umeme, maji na taka 25,000. Simu na bando 25,000. Nyumbani kwa wazazi 50,000. Jumla ni 504,200.

Imebaki 35,800. Hatujanunua nguo, hatujanyoa wala kusuka, hatujaugua, hatujakaa na rafiki Ijumaa. Anayekwambia uweke akiba asilimia 20 ya mshahara huu hajawahi kuuhesabu.

Namba hiyo haisemi kwamba haiwezekani. Inasema mahali pa kukata ni pachache. Kujinyima soda kunakupa labda 10,000. Kuhamia chumba kisichohitaji boda kunakupa 44,000 kabla ya tofauti ya kodi. Kupanga na mwenzako nyumba ya vyumba viwili kunakata umeme, maji, gesi na dalali katikati. Kubeba chakula siku tatu za wiki kunakupa sehemu kubwa ya 66,000 ya mama lishe. Maamuzi matatu au manne makubwa, ambayo unayafanya mara moja kwa mwaka, yana uzito kuliko majaribu mia madogo ya kila siku. Kwenye hayo madogo mimi nadhani mtu aachiwe chipsi zake.

Mikopo ya tarehe 18

Mwezi ukikata kona, simu yako inakuwa rafiki. Huduma za kuongezewa salio kwenye simu hukumalizia muamala usiotimia, na hela ikiingia tu, deni linakatwa kwanza. Kwa dharura ya siku mbili ni huduma nzuri. Kwa mtu anayeitumia kila mwezi kuanzia tarehe 18, ni namna ya kulipwa mshahara pungufu kwa hiari yake, kwa sababu ada inatoka kwenye kile ambacho angekula mwezi ujao.

Chini ya hapo kuna programu za mikopo, na chini zaidi kuna kausha damu, mikopo ya mtaani ya riba kali. Kipimo cha kuzipima kipo: Benki Kuu imewawekea wakopeshaji wadogo wasiopokea amana ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa laki moja hiyo ni 3,500. Anayekupa 100,000 leo akitaka 130,000 baada ya mwezi anatoza asilimia 30, ayaite "ada ya fomu" au ayaite apendavyo. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Kabla hujapakua yoyote, angalia kama mwenye nayo ana leseni ya Benki Kuu. Baadhi ya programu hizi zinajulikana kwa kusoma namba zote kwenye simu yako na kuwatumia meseji shemeji zako ukichelewa kulipa.

Na benki nayo? Ukishathibitishwa kazini, ofisa mikopo atakupigia mwenyewe. Kanuni inayotumika sana ni kwamba baada ya makato yote mfanyakazi abaki na theluthi ya mshahara wa msingi. Theluthi ya 800,000 ni kama 266,700. Unapokea 540,000, kwa hiyo ukiifuata kanuni hiyo hadi ukingoni, bado unaweza kubeba rejesho la 273,000 kila mwezi. Kwenye kompyuta yake unakopesheka vizuri tu. Kwenye hesabu yetu, kodi na nauli peke yake ni 218,200, na ungebaki na chini ya 50,000 ya kula siku thelathini. Theluthi inamlinda mkopeshaji dhidi ya sheria. Haijui unakaa wapi.

Kuigeuza miezi sita kuwa mwezi

Tukirudi kwenye kalenda, tatizo la kwanza ni lile la 600,000 zinazodaiwa kwa pigo moja kila nusu mwaka. Watu wa mjini walishalitatua zamani, bila benki: upatu. Sita mnaoaminiana, kila mmoja 100,000 kwa mwezi, kila mwezi mmoja anabeba 600,000. Tazama jinsi zinavyolingana: duru moja ya watu sita ni kodi moja ya miezi sita. Anayebeba wa kwanza amekopa bila riba, anayebeba wa mwisho ameweka akiba bila riba, na wote wamelazimishwa kutoa hela tarehe 28 kabla haijapata kazi nyingine. Panga zamu yako iangukie mwezi ambao mkataba wa nyumba unaisha. Hatari yake inajulikana: aliyebeba mwezi wa pili akiacha kazi mwezi wa tatu, mmebaki mnatazamana. Cheza na watu mnaolipwa na ofisi moja, na kama ni mgeni, mpeni zamu ya mwisho.

Asiyependa upatu anaweza kuweka mahali ambapo hela haiko kidole kimoja mbali. Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, kampuni ya serikali ya uwekezaji wa pamoja, unaanza na 100,000, baadaye unaongeza kuanzia 10,000, na ukitaka kutoa unasubiri siku chache za kazi. Watu hulalamikia siku hizo. Mimi naona ndizo faida yenyewe, maana hamu ya kununua spika haidumu hadi Jumatano. VICOBA, vikundi vya mtaani vya kuweka na kukopa, navyo vinafaa ukishakuwa na mtaa uliotulia. Kwa anayehama kila miezi sita mikutano ya kila wiki humshinda.

Simu ya nyumbani na kadi ya mchango

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Mshahara umeshatoka?"

Hakuna mahali pagumu kama hapa, na hakuna fomula. Mama hana kosa kuuliza, amekusomesha. Kosa linalofanyika ni la kijana, anapotoa ahadi kwa kutazama laki nane ya kwenye barua. Ahidi kwa kutazama hesabu ile iliyobakisha 35,800. Kiwango kidogo kisichobadilika, tarehe ileile, pamoja na ya kutolea, kinamtuliza mzazi kuliko laki moja ya Machi ikifuatiwa na kimya cha Aprili na Mei. Na kinakupa mdomo wa kusema na wengine: "Mjomba, ya mwezi huu nimeshamtumia mama." Wajomba wengi huishia hapo. Sio wote.

Kisha kuna michango ya harusi. Kundi la WhatsApp linafunguliwa, unaingizwa bila kuulizwa, mwenyekiti wa kamati anasalimia, na kiwango cha chini cha kadi ni 50,000. Kadi hiyo moja imeshapita salio lako la mwezi mzima, na mwezi wa Desemba zinakuja tatu. Wanachosahau wageni wa mambo haya ni kwamba kamati inataka ahadi kwanza na hela baadaye. Andika ahadi mapema, miezi minne kabla, na umwambie mtunza hazina kwamba utalipa 10,000 kidogo kidogo hadi itimie. Watunza hazina wanawapenda watu wa namna hiyo, kwa sababu wamezoea wa kuahidi 100,000 kisha kuzima simu wiki ya sherehe. Kwa harusi ya mtu uliyesoma naye darasa moja na hamjaongea miaka sita, toka kwenye kundi usiku, watu wakiwa wamelala.